Kabla ya Kununua Kinoa, Bandika Chungu cha Mtama na Mbaazi

Kinoa imeingia Tanzania kwa milango miwili: supamaketi na simu. Katika maduka makubwa ya Dar es Salaam na Arusha imepangwa kwenye pakiti ndogo, kwa bei ambayo mtu angeipeleka kwa muuza nafaka sokoni angerudi nyumbani na kilo kadhaa za mtama. Kwenye simu, video za mapishi zinawaonyesha watu wakila bakuli la kinoa na parachichi, na chini yake ushauri ni ule ule: punguza wali, achana na ugali, kula kinoa. Mtandao hauulizi mtu anaishi wapi, kwa hiyo ushauri huo unamfikia mama wa Masaki na mama wa Nakapanya kwa pamoja.

Nakapanya ni kata ya wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, kwenye barabara ya lami inayounganisha Mtwara na Songea. Kutoka hapo hadi Tunduru mjini ni kilomita 66.5, na kwenda Mangaka upande wa pili ni kilomita 70.5. Wilaya hiyo inalima korosho, mbaazi, ufuta, mahindi, mpunga, muhogo, karanga na mtama. Mtu mwenye mazao hayo karibu hana haja ya kusafirishiwa kinoa ili ale vizuri. Kinachomfaa ni kuazima namna kinoa inavyopikwa, yaani punje nzima isiyokobolewa, ikiliwa na mboga na chochote cha jamii ya kunde, kisha aitumie kwa nafaka zilizoko ghalani kwake.

Kinoa yenyewe haina kosa. Ni mbegu ya mmea wa milima ya Andes, ambao watu wa Bolivia na Peru, hasa wa kandokando ya Ziwa Titicaca, wameulima kwa maelfu ya miaka. Gramu 100 za kinoa kavu zina gramu 14 hivi za protini, gramu 7 za nyuzinyuzi na zaidi ya miligramu 4 za madini ya chuma. Protini yake ina asidi-amino zote tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, ikiwamo laisini, ambayo ni haba katika mahindi, mchele na mtama. Haina gluteni, kwa hiyo inawafaa wasiovumilia ngano. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kinoa, na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, likasaidia majaribio ya kuilima katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda. Nchini Rwanda, mtaalamu wa kilimo Cedric Habiyaremye, aliyesomea Washington State University ya Marekani, amekuwa akiipeleka kwa wakulima wadogo tangu katikati ya muongo wa 2010.

Mwenye nayo jikoni asiogope, maana mapishi yake ni mepesi. Ganda la nje la kinoa lina saponini, kitu chenye povu na uchungu kama wa sabuni, kwa hiyo punje huoshwa kwa maji mengi huku zikisuguliwa kwa kiganja mpaka povu liishe. Kikombe kimoja hupikwa kwa vikombe viwili vya maji na chumvi kidogo, moto mdogo, dakika 15. Kiini cha mbegu kikianza kuchomoza kama kijimkia cheupe, sufuria huepuliwa na kufunikwa dakika tano zaidi. Hapo inaliwa kama wali, kwa kisamvu cha karanga au mchuzi wa samaki. Ikipoa, huchanganywa na kachumbari ya nyanya, vitunguu, tango na limau. Ikiongezwa maji na maziwa inakuwa uji.

Yote hayo yanawezekana bila kinoa. Na jambo ambalo pakiti za dukani hazisemi ni kwamba kinoa nayo iliwahi kudharauliwa kwao. Baada ya Wahispania kuziteka nchi za Andes katika karne ya 16, ngano na shayiri zilipewa hadhi, na kinoa ikabaki kuhesabiwa chakula cha wenyeji maskini wa milimani. Watu wa mijini walipendelea mchele na tambi. Ilipoanza kusifiwa Ulaya na Marekani ndipo heshima yake ilipopanda nyumbani pia. Mtama na ulezi vimekaa katika dharau ya aina hiyo kusini mwa Tanzania: vilikuwa chakula kikuu kabla mahindi hayajatawala mashamba, na siku hizi mtama hukumbukwa mwaka wa njaa, ulezi hukumbukwa pombe inapopikwa. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliupa mtama, ulezi na uwele mwaka wao wa kimataifa, miaka kumi baada ya kinoa.

Takwimu za nafaka hizo hazitii aibu. Mtama una gramu 10 hadi 11 za protini katika kila gramu 100. Ulezi una protini ndogo zaidi, gramu 7 hivi, lakini kalisi yake huzidi miligramu 300, zaidi ya mara mbili ya ile ya maziwa ya ng'ombe kwa uzito ule ule, ingawa mwili hauifyonzi yote kwa sababu ya asidi ya fitiki iliyomo katika punje. Mchicha nafaka, ambao ni ndugu wa kinoa katika ukoo mmoja wa mimea, una protini ya gramu 13 hadi 14, kalisi ya miligramu 150 hivi na madini ya chuma yanayozidi ya kinoa. Mbaazi kavu zinafika gramu 21 za protini. Mbaazi hizo zina laisini nyingi, kitu kile kile mtama unachokosa, na mtama una methionini ambayo mbaazi zinapungukiwa. Vikombe viwili vya mtama na kimoja cha mbaazi katika chungu kimoja hutoa protini kamili kama ile inayoifanya kinoa isifiwe.

Hoja hii ina uzito wa pekee Ruvuma. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mahindi nchini, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una kanda yake Songea kwa ajili ya kununua na kuhifadhi ziada hiyo. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta watoto 35.6 katika kila 100 wa Ruvuma walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa mingine ya mavuno makubwa, ilikuwa na hali mbaya zaidi. Udumavu una sababu nyingi, zikiwamo maradhi, maji machafu na mama kukosa muda wa kumlisha mtoto mara kwa mara. Lakini sahani nayo imo: sembe nyeupe iliyoondolewa kiini na pumba, asubuhi kama uji, mchana na jioni kama ugali, na mboga kidogo pembeni. Mtoto anashiba wanga na kubaki na njaa ya vitu vingine.

Hatua ya kwanza haina hata mapishi mapya. Mahindi yasagwe dona, bila kukobolewa. Anayeona dona ni nzito kooni achanganye nusu kwa nusu na sembe kwa wiki chache. Mengine ni haya.

Mtama wa punje nzima hupikwa kama kande. Mtama mweupe, kama wa mbegu za Macia na Tegemeo, ndio unaofaa zaidi, kwa kuwa mwekundu una tanini nyingi zinazoleta ukakasi na kuzuia mwili kufyonza chuma. Vikombe viwili vya mtama na kimoja cha mbaazi kavu huchaguliwa mawe, huoshwa na kulowekwa usiku kucha katika vyombo tofauti. Asubuhi maji ya kulowekea humwagwa, mbaazi hutangulia jikoni nusu saa, kisha mtama hufuata na vyote huchemka pamoja mpaka punje ilainike, kwa kawaida saa moja hivi. Mwishoni huwekwa kitunguu, nyanya, chumvi na tui la nazi. Nazi ikiwa ghali huku bara, karanga zilizotwangwa au korosho zilizovunjika na kusagwa laini kwa maji hufanya kazi hiyo hiyo, na mchuzi huwa mzito wa kupendeza. Mtama ukibaki, kesho yake huchanganywa na kachumbari na limau, ukaliwa baridi kama kinoa ya kwenye video.

Mchicha nafaka hauhitaji kulowekwa. Unaotafutwa ni ule wenye mbegu za rangi ya krimu. Mbegu nyeusi za mchicha wa mboga ni ngumu na hazipikiki vizuri. Kikombe kimoja kwa vitatu vya maji, dakika 20 hadi 25, hutoa chakula laini chenye kushikana. Wanaopenda wali wenye punje zinazoachana wasiupike peke yake: robo kikombe cha mbegu hizo kikitiwa katika vikombe viwili vya mchele, wali unabaki wali na thamani yake inapanda. Mbegu hizo pia hupasuka kama bisi. Sufuria kavu yenye kitako kizito hupashwa moto sana, kijiko kimoja cha mbegu humwagwa humo na kufunikwa, sufuria ikatikiswa, na baada ya sekunde chache bisi ndogo nyeupe huwa tayari kunyunyizwa juu ya uji au kuchanganywa na asali na karanga.

Ulezi ndio wenye utaalamu uliolala. Wanawake wanaotengeneza pombe za kienyeji wanajua kuotesha kimea chake, na kimea hicho hicho ni hazina ya mtoto mchanga anayeanza kula. Tatizo la uji wa mtoto ni hili: ukiwa mwepesi hauna chakula cha kutosha, ukiwa mzito hamezi. Watafiti Mosha na Svanberg waliandika mwaka 1983 kuhusu njia ya kulitatua kwa unga wa nafaka zilizooteshwa, na baadaye njia hiyo ikajaribiwa kwa watoto wa kijiji cha Luganga, Iringa. Kimea kina vimeng'enya vinavyovunja wanga, kwa hiyo kiasi kidogo tu huulainisha uji mzito bila kuongezwa maji.

Namna yake ni hii. Ulezi huoshwa, hulowekwa usiku mmoja, huchujwa na kutandazwa ndani ya kitambaa safi chenye unyevunyevu kwa siku mbili hivi mpaka uchipue. Kisha huanikwa juani ukauke kabisa, hupekechwa ili vimizizi vitoke, halafu husagwa. Uji wa dona au wa mtama hupikwa uwe mzito, huepuliwa na kuachwa upoe kiasi, maana moto wa kuchemka huviua vimeng'enya. Kijiko cha unga wa kimea hutiwa na kukorogwa. Baada ya dakika chache uji huwa mwepesi. Hapo hurudishwa jikoni uchemke dakika tano kwa usalama wa mtoto. Ukiongezwa karanga au ufuta uliosagwa, mlo umekamilika. Kuotesha pia hupunguza ile asidi ya fitiki inayobana madini. Angalizo moja: kimea cha mtama kisitumiwe kiholela, kwani machipukizi ya mtama yana kemikali zinazotoa sayanidi. Kimea cha ulezi ndicho salama kwa kazi hii ya nyumbani.

Pembeni ya vyungu hivi kuna mambo madogo yenye faida kubwa. Limau, embe bichi au ukwaju juu ya chakula huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya nafaka na mboga. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huyazuia, kwa hiyo inafaa isubiri saa moja. Kisamvu, majani ya kunde na mlenda havihitaji mafuta mengi ya dukani kama kuna ufuta au karanga za kutwanga. Na nafaka yoyote, mtama au mahindi, ikauke vizuri na isianikwe chini penye udongo. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Kuni ni ya kwanza. Kinoa huiva kwa dakika 15. Mbaazi na mtama mkavu vinaweza kumaliza mzigo wa kuni. Kuloweka usiku kucha hupunguza muda huo sana. Kuna pia mbinu ya kapu: chungu kikishachemka vya kutosha hufunikwa vizuri, huwekwa ndani ya kapu lililojazwa majani makavu au nguo kuukuu, na joto lililomo humalizia kuivisha. Hoja ya pili ni ndege. Mtama unahitaji mtu wa kuwafukuza kwelekwelea na wenzake, na watoto waliokuwa wakifanya kazi hiyo sasa wako darasani, kama inavyostahili. Ndiyo maana hakuna haja ya kumwambia mkulima wa Tunduru ang'oe mahindi. Kipande kimoja cha shamba, kilichopandwa kwa wakati mmoja na cha jirani ili ndege wasikimalize kimoja, kinatosha kuliwa nyumbani.

Hoja ya tatu ni fedha, nayo ndiyo yenye funzo kubwa. Kwa wakulima wengi mbaazi na ufuta ni vya kuuza. Katika Tunduru mazao haya hupita kwenye vyama vya msingi na chama kikuu cha ushirika, TAMCU, hadi kwenye minada ya stakabadhi ghalani, na mnunuzi wa mwisho wa mbaazi mara nyingi yuko India. Mwaka 2017 India iliwekea kikomo mbaazi kutoka nje, na bei ya mkulima wa Tanzania ikaporomoka vibaya. Magunia yalibaki ndani, na ndipo viongozi walipoanza kuhimiza watu wale mbaazi zao, kana kwamba zilikuwa mzigo wa dharura.

Wakulima wa Bolivia na Peru wanaijua hadithi hiyo. Bei ya kinoa ilipanda karibu mara tatu kati ya mwaka 2006 na 2013, mashamba yakapanuliwa kufukuzia soko la nje, kisha Peru na wengine walipozalisha kwa wingi bei ikaanguka mwaka 2015. Zao linalosubiri mdomo wa mbali hupanda na kushuka na tamaa ya mdomo huo. Familia inayoweka pembeni gunia moja la mbaazi kabla ya mnada haipotezi biashara. Imejinunulia protini ya mwaka kwa bei ya shambani, bila nauli na bila pakiti.

Nakapanya hazikosekani siku ambazo vyakula hivi vinaheshimiwa. Mwezi wa Ramadhani mbaazi na uji hupata nafasi yao ya haki kwenye futari, na hakuna anayeviita chakula cha shida. Ladha ipo na upishi upo. Kilichobaki ni kuvitoa katika mwezi mmoja na kuviingiza katika miezi kumi na moja mingine, na hapo jitihada ya mpishi mmoja mmoja haitoshi. Kliniki za watoto zinazopima uzito na urefu zinaweza kuonyesha kimea cha ulezi kwa vitendo, sufuria ikiwa motoni, badala ya kuishia kwenye mabango. Wenye mashine za kusaga wanaweza kutenga siku za dona na mtama ili unga usichanganyike na wa mwingine.

Shule ndizo zenye nafasi kubwa zaidi, kwa sababu wazazi tayari huchangia mahindi na maharage kwa chakula cha mchana. Kamati za shule za Nakapanya, zinapokaa kupanga michango baada ya mavuno, zinaweza kuamua mambo matatu tu: debe moja la mbaazi kwa kila madebe mawili ya mahindi, mahindi yote yasagwe dona, na siku mbili kwa wiki wanafunzi wapikiwe kande ya mtama na mbaazi yenye karanga. Mbaazi huvunwa kati ya Julai na Septemba, wakati bei kwa mkulima iko chini. Huo ndio wakati wa kuzikusanya.